Wadai sita, daftari moja

SWALI: Mama, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Nina miaka 38, nauza vitenge na nguo za watoto sokoni. Mwaka jana mume wangu alivunjika mguu kwa ajali ya boda boda, na matibabu yakameza mtaji wangu wote. Tangu hapo nakopa huku nizibe kule. SACCO inanidai 2,100,000. Tajiri wangu wa Kikuubo, Kampala, aliyenipa vitenge kwa mali kauli, 1,400,000. Mkopeshaji wa mtaani 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Nimemlipa riba miezi saba na milioni yake haijapungua hata shilingi. Ameshika kitambulisho changu cha taifa na kadi yangu ya benki. Kikundi chetu cha Alhamisi 500,000, wifi yangu 300,000, na mikopo miwili ya simu, jumla 200,000. Kila mmoja nimemwahidi, na ukurasa wa ahadi zangu nakutumia pamoja na hesabu za biashara. Simu ikilia moyo unanipasuka. Sasa mkopeshaji anataka nisaini karatasi ya kumuuzia kibanja tunachoishi. Anasema ni ya kumtuliza tu, hataitumia. Mume wangu hajui habari za mtu huyu. Je, nisaini? Nitafungwa? Nianzie wapi?
Mama wa Watatu, Busia

JIBU: Mwanangu, usisaini. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, hilo haliwezi. Karatasi ya mauzo ni karatasi ya mauzo. Siku ukikwama, yule bwana hataenda mahakamani na deni la milioni moja. Ataenda na mkataba unaosema uliuza ardhi kwa hiari yako, ukapokea pesa mkononi, ukatia sahihi, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akagonga muhuri. Nilikaa miaka 19 nyuma ya dirisha la mikopo la SACCO moja huku mashariki, na nimeona familia zikitoa magodoro nje kwa sababu ya karatasi "ya kutuliza tu". Sheria ya ardhi ya Uganda inasema ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako wa ndoa. Akikuletea tena karatasi hiyo, mjibu hivi: "Kibanja ni cha familia, siwezi kukisaini peke yangu." Ni kweli tupu, na huna haja ya kubishana naye zaidi.

La pili la haraka ni kadi. Nenda benki kesho asubuhi, waambie kadi haiko mikononi mwako, waifunge. Kitambulisho tutakirudia.

Kuhusu kufungwa, nitakueleza ilivyo, maana wakopeshaji wengi wanatumia neno "jela" kama fimbo. Kudaiwa si kosa la jinai, na polisi si wakusanya madeni. Lakini anayekudai anaweza kukushtaki. Madai yasiyozidi milioni 10 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, ambapo kila mtu anajisemea mwenyewe bila wakili, na kesi haichukui miaka. Akishinda na wewe usipolipa, mahakama inaweza kuamuru mali yako iuzwe, au kukupeleka jela ya madai kwa muda usiozidi miezi sita. Na ukitoka huko deni bado liko palepale. Kwa hiyo hatari ipo, ila iko mbali kuliko unavyotishwa, na kati yako na hiyo hatari kuna nafasi ya kutosha ya kukaa na watu hawa na kupanga.

Sasa ule ukurasa wa ahadi. Nimeusoma mara tatu, na ndio ulionifanya niache barua nyingine zote. Umeandika: SACCO 250,000 kwa mwezi, tajiri 300,000, mkopeshaji 100,000, kikundi 100,000, wifi 50,000, simu 60,000. Hukuweka jumla. Nimeiweka mimi: 860,000. Kisha nikageuza ukurasa wa biashara. Faida yako ya miezi mitatu iliyopita ni 740,000, 610,000 na 690,000. Umewaahidi watu pesa ambayo hujawahi kuipata hata katika mwezi wako mzuri, kabla mtoto hajala, kabla hujalipa ushuru wa soko.

Sikulaumu hata kidogo. Namba zile ni za woga, na woga wa namna hiyo naujua. Nilipofiwa na baba nilikopa kwa mtu mmoja kwa ajili ya matanga. Siku aliponifuata kazini na kupandisha sauti mbele ya wateja, nilimwahidi 200,000 kila wiki. Mshahara wangu wa mwezi mzima haukufika 400,000. Nilitamka namba ile ili aondoke tu. Aliondoka kweli, kisha wiki ya pili nilianza kupitia mlango wa nyuma, na kuanzia hapo hakuniamini tena hata nilipomletea pesa halali. Wazee walisema dawa ya deni kulipa. Ni kweli, lakini dawa ina kipimo chake, na kipimo hicho hakipimwi na mtu anayetetemeka.

Kwa hiyo ahadi zote sita zifute. Chukua kurasa mpya, na usianze na wadai. Anza na sufuria. Kwa hesabu ulizoniletea, mume wako anasaidia matumizi ya nyumbani kwa kazi ndogo anazofanya akiwa amekaa, Mungu ambariki. Wewe unabeba chakula 150,000, ushuru na mlinzi wa soko 30,000, makaa, umeme na dawa 60,000. Ada ya shule hukuiandika kabisa, na nadhani ndiyo inayokurudisha kukopa kila muhula ukifunguliwa. Tenga 90,000 kila mwezi. Kwa mihula mitatu hiyo ni 360,000 kila muhula. Jumla ya matumizi ni 330,000. Upande wa mapato, usichukue mwezi mzuri, wala usichukue wastani. Chukua mwezi mbaya kuliko yote, 610,000. Toa 330,000, unabaki na 280,000. Weka 30,000 pembeni kwa malaria na misiba, maana hivyo haviombi ruhusa. Pesa ya madeni ni 250,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba yako. Ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto barabarani.

Najua ukiitazama inakuaibisha, wadai wamezoea kusikia 860,000. Ngoja nikuambie habari ya mzee mmoja, fundi baiskeli. SACCO ilimdai 900,000 na alikuwa amechelewa miezi mitano. Alikuja mwenyewe kwa meneja akasema, "Naweza 15,000 kila Ijumaa, zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya." Tukakubali shingo upande. Kila Ijumaa baada ya swala aliweka kwenye dirisha langu noti zilizokunjwa ndani ya kipande cha gazeti, zina harufu ya grisi. Ijumaa 60. Kamati haikuwahi hata siku moja kulisoma jina lake kwenye orodha ya wasumbufu. Mwaka uleule mtu mwingine alituahidi nusu milioni kwa mwezi, akalipa mara moja, akazima simu. Pikipiki yake tuliiuza.

Tuanze na kilicho dukani. Umeniandikia una sweta 40 za watoto zilizododa tangu mwaka jana, ulizonunua kwa 8,000. Ziuze kwa bei ileile ya kununulia, usitafute faida. Zitakupa 320,000. Lipa mikopo ya simu yote, 200,000, uifunge. Ni midogo, lakini tozo zake zinakimbia, na ukichelewa jina lako linaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo benki huzisoma. Kisha futa programu hizo kwenye simu. Zinazobaki, 120,000, ndizo utakazokwenda nazo kwa mkopeshaji.

Huyo mkopeshaji usimwendee peke yako. Nenda na mumeo, na mtu mmoja mzima anayeheshimika mtaani. Sheria ya Uganda ya 2016 kuhusu taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inataka kila mkopeshaji awe na leseni, na inamkataza kushika kitambulisho cha taifa au kadi ya benki kuwa dhamana. Tangu mwishoni mwa 2024 serikali imeweka pia kikomo cha riba ya wakopeshaji: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Yeye anakutoza 10. Tazama tofauti yake: kwa asilimia 10, riba ya mwezi mmoja ilikuwa 100,000 na ndiyo yote uliyokuwa unampa. Kwa 2.8 ingekuwa 28,000, na miezi saba ile ingekuwa imekwisha kupunguza zaidi ya nusu milioni ya deni lenyewe.

Usiende kumtishia. Pesa yake uliitumia, na hospitali ilipokea. Mwambie kwa utulivu: "Hii 120,000 ipunguze deni lenyewe, libaki 880,000. Kuanzia mwezi ujao nakuletea 80,000 kila tarehe 5, kwa riba ya asilimia 2.8. Naomba kitambulisho changu na kadi." Kwa riba hiyo utamaliza kwa miezi 14 hivi. Kwa riba yake ya sasa, 80,000 haitoshi hata riba yenyewe, ambayo ni 88,000, na hapo ndipo utaona kwa nini milioni haikupungua. Akikataa kurudisha kitambulisho, nenda kwa Afisa Biashara wa wilaya, ueleze kwa maandishi, ubaki na nakala. Wakopeshaji wengi hulegea wakijua unaijua sheria.

SACCO ndiyo rahisi kuliko unavyofikiri, mradi uwahi. Lakini kabla ya kwenda kwa meneja, nenda kwa wale wanawake wawili waliokudhamini. Hili naliomba sana. Nimeona urafiki wa miaka 20 ukivunjika mbele ya dirisha langu kwa sababu mdhamini alijua siku akiba yake imeshakatwa. Waeleze wenyewe, chai ikiwa mezani, wasikie kutoka kinywani mwako. Ndipo uandike barua kuomba mkopo upangwe upya: muda urefushwe, ulipe 90,000 kwa mwezi. Ambatisha karatasi za hospitali na hesabu ya miezi mitatu. Uliza mambo mawili na usiondoke bila jibu: faini ya kuchelewa itasimama? Na riba itahesabiwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wa mwanzo?

Tajiri wa Kikuubo usimpigie simu. Panda gari ukamwone ana kwa ana, asubuhi kabla wateja hawajamjaa. Yule bwana anataka mteja kuliko anavyotaka mdaiwa. Mwambie deni la zamani utalipunguza kwa 50,000 kila mwezi, na mali mpya utanunua kwa pesa taslimu tu, hata kama ni vipande vitano. Afungue kurasa mbili kwenye kitabu chake, ya zamani na ya sasa, zisichanganywe. Matajiri wengi hukubali hivyo, kwa sababu wanaona biashara bado inatembea. Akikuomba uchukue mzigo mwingine kwa mali kauli "ili usimame haraka", mshukuru, ukatae.

Kikundi mpe 30,000. Una akiba ya 260,000 ndani ya sanduku lenu. Siku ya kugawana mwezi wa 12 omba akiba hiyo ikatwe kwenye deni. Pamoja na miezi sita ya 30,000 utabaki na 60,000 tu, ukiacha riba ya kikundi. Lisemee wazi Alhamisi, mbele ya wote, kabla watu hawajaanza kulisema pembeni. Wifi yako asubiri hadi kikundi kiishe, kisha apokee ile 30,000 ya kikundi, miezi kumi. Mwambie sasa, umpe na tarehe. Anayeambiwa angoje anavumilia kuliko anayeachwa akibahatisha.

Kila mdai akiisha, pesa yake isirudi kwenye matumizi. Iende kwa anayefuata. Pamoja na riba, naona kama miaka miwili. Ni mingi, najua.

Kila makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja tu: jina lako na lake, deni ni kiasi gani leo, utalipa kiasi gani, tarehe ipi, kwa njia ipi, na neno hili lisikose: "Malipo haya yakiendelea, mdai hatachukua hatua nyingine." Sahihi mbili, shahidi mmoja kila upande, muhuri wa LC1, nakala kwa kila mtu. Lipa kwa simu, ujumbe ubaki, au atie sahihi kwenye daftari lako papo hapo. Mwezi ukiona hutatimiza, mwambie siku tatu kabla ya tarehe. Siku tatu baada ya tarehe ni habari nyingine kabisa.

Nimebakiza mume wako, kwa makusudi, kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote sita. Najua kwa nini ulimficha: alikuwa kitandani na mguu uko kwenye plasta, ukaona usimwongezee uchungu. Ulifanya hivyo kwa upendo. Lakini mkopeshaji ameshakiona kibanja, siku moja atakuja mlangoni wewe uko sokoni, na mumeo ataisikia habari hii kwa mdomo wa mtu mbaya. Mwambie Jumapili hii. Usimwambie usiku, wala akiwa na njaa. Weka daftari mezani, anza na 250,000, mwonyeshe kwamba njia ipo, ndipo umwonyeshe deni. Anaweza kukasirika siku mbili. Nadhani pia atatulia, maana mwanaume aliyevunjika mguu kwa kutafutia watoto ameshajua mzigo ni nini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Arua. Nadaiwa na watu watano, jumla milioni 38, na wawili wameshanipeleka mahakamani. Nimesikia mtu anaweza kuomba mahakama iwazuie wadai. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, mwalimu. Sheria ya ufilisi ya 2011 inamruhusu mtu binafsi kuomba mahakamani amri ya ulinzi wa muda. Amri hiyo hudumu siku 14, na mahakama inaweza kuongeza. Ndani ya siku hizo wadai hawawezi kukukamatia mali. Wewe, ukisaidiwa na mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa, unaandaa pendekezo la kulipa, wadai wanaitwa kikao kimoja na kulipigia kura. Likipita, linawabana wote, hata aliyekataa. Uzuri wake ni huo wa kuwaweka wote mezani mara moja. Ubaya wake ni gharama ya mtaalamu, na siku 14 ni chache kama hesabu zako bado ziko kichwani. Andaa kwanza orodha ya kila mdai, kila kesi na namba yake, kila kilichokatwa kwenye mshahara, ndipo uende kuuliza kwa Mpokezi Rasmi, ofisi iliyo chini ya URSB, idara ya usajili ya serikali. Usikose tarehe ya mahakama hata moja wakati unasubiri, hata kama huna shilingi ya kulipa. Asiyefika hukumu inamkuta nyumbani.

SWALI: Mama, nimepata milioni yangu ya PDM juzi, ule mpango wa serikali wa kukopesha kupitia parokia za utawala, kwa ajili ya kuku. Wakati huohuo duka la pembejeo linanidai 700,000. Si nilipe tu deni, kuku watakuja baadaye? Kijana wa Tororo.

JIBU: Hapana, kijana wangu. Pesa ya PDM imetolewa kwa mradi, na ni mkopo wa asilimia 6 kwa mwaka. Hutapata mwingine wa bei hiyo hapo Tororo. Ukilipa duka leo, utakuwa umehamisha deni kutoka dukani kwenda parokiani, na banda litabaki tupu. Nunua vifaranga. Kisha leo hii, kabla duka halijafunga, nenda kwa mwenye duka la pembejeo, mwonyeshe risiti ya vifaranga, umwambie kundi la kwanza litauzwa mwezi gani na atapata kiasi gani siku hiyo. Mwombe pia akuuzie chakula cha kuku kwa bei ya jumla, nawe ununue kwa pesa taslimu, mfuko mmoja mmoja.